Samaki Ndiye Aliyetangulia Kusema

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita mbele ya Waswahili wenzangu tunaoishi Reading, hapa Uingereza. Wengi walikuwa kazini na wameniomba niiweke. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mliobanana kule mlangoni, asanteni kwa kuja. Mnajua kazi yangu ni ya maabara, kupima maji. Mwenyekiti aliniomba nieleze jambo moja tu: hizi habari za kemikali zinazovuruga homoni, yaani wale wajumbe wa mwili wanaosafiri kwenye damu, zinazosemwa zimo kwenye maji taka, ni za kweli? Na kama ni za kweli, zilijulikanaje?

Naomba nianzie mbali kidogo. Nianzie Mwanza.

Bibi yangu aliuza samaki. Kazi yangu ya asubuhi, kabla ya shule, ilikuwa kumsaidia kupara na kupasua. Bibi hakuingia darasani hata siku moja, lakini mpe sato, apitishe kisu tumboni mara moja tu, atakwambia huyu jike, huyu dume, huyu alibakiza siku chache atage. Ndani ya jike unakuta mayai. Ndani ya dume unakuta vipande viwili vyeupe, laini, kama maziwa yaliyoganda. Katika miaka yote ile sikumbuki Bibi ameshika samaki, akamgeuza, akamgeuza tena, akasema, "Huyu simwelewi."

Sasa njooni Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kuna mto unaitwa Lea, unatokea kaskazini na kuingia Thames mashariki ya London. Wapo humu ndani wanaoishi karibu nao. Katika mto huo kuna samaki mdogo wa rangi ya fedha ambaye Waingereza wanamwita roach. Watu waliokuwa wakiwapasua samaki wale wakaanza kukuta jambo ambalo Bibi yangu hakulikuta maisha yake yote: korodani zenye mayai ndani yake. Dume, na katikati ya udume wake, mayai.

Nawauliza: maji ya mto ule yalikuwa hayapimwi? Yalipimwa! Yalipimwa kila mara. Oksijeni ilipimwa. Amonia ilipimwa. Metali zilipimwa. Maji yaliyokuwa yakitoka kwenye mitambo ya kusafisha maji taka yalipita vipimo vilivyowekwa na sheria, karatasi zikasainiwa, faili zikafungwa. Na samaki wanaoishi humo humo wakawa wanabadilika.

Ndugu zangu, hili ndilo jambo lililonileta mbele yenu leo. Mashine hujibu ulichoiuliza. Ukiiuliza kuna risasi kiasi gani, itakwambia kiasi cha risasi. Haitakwambia, "Ngoja kwanza, kuna kitu kingine humu." Haina tabia hiyo. Na wakati ule hakuna aliyekuwa anauliza habari za homoni kwenye maji ya mto. Nani angefikiria? Samaki ndiye aliyejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Baadaye watafiti, akiwemo John Sumpter wa Chuo Kikuu cha Brunel, hapo Uxbridge, si mbali na hapa, waliamua kumfanya samaki awe shahidi rasmi. Walichukua samaki aina ya trauti waliofugwa kwenye maji safi, wakawaweka ndani ya vizimba, wakavitumbukiza vizimba kwenye maji yanayotoka kwenye mitambo ya maji taka, sehemu mbalimbali za Uingereza na Wales. Wakawaacha humo wiki chache. Kisha wakawatoa damu.

Walikuwa wanatafuta nini kwenye damu? Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Samaki jike akikaribia kutaga, ovari zake hutoa estrojeni, homoni ya kike. Ile estrojeni inasafiri kwenye damu hadi kwenye ini, inaliambia ini: tengeneza kiini cha yai. Ini linatii, linatengeneza protini inaitwa vitelojenini, inakwenda kwenye mayai na kuwa chakula cha kifaranga cha samaki. Ndiyo ile njano. Na dume je? Dume naye ini analo. Na kwenye ini lake maagizo ya kutengeneza protini ile yameandikwa vilevile, kama yalivyoandikwa kwa jike. Ila hayasomwi, kwa sababu hakuna estrojeni ya kutosha ya kuyafungua. Ni kama chumba kilichofungwa na ufunguo wake haupo nyumbani. Kwa hiyo ukikuta vitelojenini nyingi kwenye damu ya dume, huhitaji kubishana na mtu. Kuna aliyeingia na ufunguo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Vitelojenini kwenye damu ya samaki wale ilikuwa imepanda mara 500 mpaka mara 100,000, kutegemea mahali. Mara laki moja! Na hawakuwa wameumwa, hawakuwa wameelea tumbo juu. Ungewatazama ndani ya kizimba wangeonekana wazima kabisa.

Mwaka 1998 Susan Jobling na wenzake wakatoa hesabu ya samaki wa porini, wale roach wenyewe, kutoka mito mingi. Kwenye mito miwili, Nene na Aire, kuna mahali ambapo kila dume waliyempasua alikuwa na dalili za ujike. Kila dume. Hata kwenye maji waliyoyadhani safi, ya kulinganishia, walikuta wachache.

Basi mwizi ameingia ndani, hilo limethibitika. Sasa ni nani?

Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi, kwa sababu hii ndiyo kazi yangu na naipenda. Maji taka yaliyosafishwa yana maelfu ya kemikali: sabuni, dawa, mafuta ya ngozi, kahawa tuliyokunywa asubuhi. Ukimpa mkemia chupa ukamwambia "nitafutie inayoigiza estrojeni", atakuuliza, "Jina lake nani?" Na jina ndilo usilolijua. Mtafanyaje?

Walitumia hamira. Ndiyo, hamira, ndugu ya hii mnayotia kwenye maandazi. Wanasayansi walichukua seli ya hamira wakaipandikizia kitasa cha binadamu, yaani kile kipokezi ambacho estrojeni hujishika mwilini mwetu. Kisha wakakifunga kitasa hicho na kengele: kikiguswa na kitu chochote chenye umbo la ufunguo ule, hamira inatoa kimeng'enya kinachogeuza rangi ya kimiminika kutoka njano kuwa nyekundu. Brunel walikieleza kipimo hiki mwaka 1996. Uzuri wake ni kwamba hamira haikuulizi jina la kemikali. Haijali kama imetoka kwenye mwili wa mtu au kwenye kiwanda. Inajali kitu kimoja: je, unafungua kitasa?

Kazi ikawa hivi. Unachukua maji, lita kadhaa. Unayapitisha kwenye kichujio chenye unga unaonasa kemikali za aina hii. Unaziosha kwa kiasi kidogo cha methanoli, na kilichokuwa kwenye lita nzima sasa kimo kwenye tone. Lile tone unaligawa mafungu mafungu, kila fungu na kemikali zinazofanana tabia. Kila fungu unalipa hamira. Fungu hili, njano. Hili, njano. Hili, njano. Hili, jekundu! Unayaacha yote ya njano, unachukua lile jekundu, unaligawa tena. Unaipa hamira tena. Unabana, unabana, mpaka kinachobaki ni kidogo kiasi kwamba sasa unaweza kukipeleka kwenye mashine kubwa inayopima uzito wa molekuli na kuivunja vipande, na mashine inakupa jina. Mmeona mpangilio? Kiumbe hai anatangulia, mashine inafuata. Mashine haikufukuzwa. Imesubiri zamu yake.

Majina yalitolewa mwaka 1998, baada ya kupima maji kutoka mitambo saba iliyopokea zaidi maji taka ya majumbani. Wengi walitegemea jina la kiwanda, la kemikali fulani ya kutisha. Majina yalikuwa estradioli na estroni. Homoni za asili. Zinatoka wapi? Zinatoka kwetu. Kwa mama mjamzito, kwa binti, kwa bibi, na kwa wanaume pia, maana na sisi tunazitoa, kwa kiasi kidogo. La tatu lilikuwa homoni ya kutengenezwa, ethinili-estradioli, iliyomo kwenye vidonge vya majira.

Najua kuna anayejiuliza: mwili si unazimaliza homoni kabla hazijatoka? Swali zuri. Ini letu huifunga homoni kwa kuipachika kipande kama cha sukari, ikawa haifanyi kazi tena, ndipo ikatoka na mkojo. Mwili umefanya adabu yake. Lakini huko kwenye mabomba ya maji taka kuna bakteria, na bakteria wanapenda kile kipande cha sukari. Wanakikata wanakila. Homoni inabaki huru, nzima, kama ilivyokuwa mwilini. Tunaifunga chooni, inafunguliwa barabarani. Mimi niliposoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea.

Sasa naomba nizungumze na akina baba. Nimesikia maneno, hata kwenye harusi nimeyasikia, kwamba "wanawake na vidonge vyao ndio wanaoharibu mito." Ndugu zangu, tuache. Kwenye mitambo ile saba, homoni ya vidonge ilikuwa mara nyingi chini ya kiwango ambacho mashine ingeweza kuona, na ilithibitika kwenye sampuli tatu tu. Ni kali, sikatai, ni kali kuliko zile za asili, na nitaieleza. Lakini zilizokuwa kila mahali ni zile ambazo kila mtu aliyemo ukumbini humu ameziacha chooni asubuhi ya leo. Kumbebesha mwanamke mzigo wa mji mzima si haki, na si sayansi.

Na viwanda je? Viwanda havijapona. Mto Aire, kule Yorkshire, ulikuwa unapokea maji ya viwanda vya kuosha sufu. Sabuni zao zilikuwa na kemikali ambazo zikioza hutoa kitu kinaitwa nonilifenoli. Hicho hakifanani sana na homoni ukikitazama, lakini kinakifungua kile kitasa.

Nacho kina kisa chake, na kisa hiki hakikutokea mtoni. Kilitokea Boston, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980. Ana Soto na Carlos Sonnenschein, wa Chuo Kikuu cha Tufts, walikuwa na seli za saratani ya matiti ambazo huongezeka kwa kasi pale tu zinapopewa estrojeni. Siku moja wakakuta seli zote zinaongezeka. Walizozipa estrojeni, zinaongezeka. Ambazo hawakuzipa, zinaongezeka. Jaribio limeharibika. Mngefanyaje nyinyi? Wengi tungemwaga, tukaosha vyombo, tukaanza upya. Wao walitafuta. Walipima kila kitu, kifaa kwa kifaa, mpaka wakafika kwenye mirija ya plastiki waliyokuwa wakihifadhia vimiminika. Ile ile waliyoizoea, kutoka mahali pale pale, lakini aliyeitengeneza alikuwa amebadilisha mchanganyiko wa plastiki. Walipouliza umebadilisha nini, wakaambiwa hiyo ni siri ya biashara. Wakaichunguza plastiki wenyewe, wakaitenga kemikali wenyewe, wakaipata: nonilifenoli. Wakaitangaza mwaka 1991.

Kikulacho ki nguoni mwako. Chombo cha kupimia ndicho kilichokuwa kinatoa sumu. Ndiyo maana mpaka leo nikienda kuchukua maji mtoni nabeba chupa za kioo, si za plastiki. Asubuhi hiyo sijipaki losheni. Sijipulizii manukato. Na kila safari nabeba chupa moja ya maji safi ya maabara, naifungua pale pale mtoni, naifunga, narudi nayo. Ile ni shahidi wangu. Ikikutwa na homoni, basi mchafuzi ni mimi, si mto.

Kwa nini ukali wote huu? Kwa sababu ya udogo wa tunachokitafuta. Nanogramu moja kwa lita. Chukueni bwawa la kuogelea la Olimpiki, lina lita milioni mbili na nusu. Chukueni mabwawa kama hayo 400, yajazeni. Kisha tieni gramu moja, moja tu, mgawanye kwenye mabwawa yote 400. Hiyo ndiyo nanogramu moja kwa lita. Mzee wangu wa mbele anatikisa kichwa. Hata mimi nilitikisa.

Na kiasi hicho kinaweza kumdhuru nani? Jibu liko Kanada, kaskazini-magharibi ya jimbo la Ontario, ambako kuna maziwa madogo yaliyotengwa kwa ajili ya majaribio tangu 1968. Karen Kidd na wenzake walichagua ziwa moja. Halina hata jina, lina namba: Ziwa 260. Kuanzia 2001 mpaka 2003, kila kiangazi walitia homoni ya vidonge, maji yakawa na nanogramu 5 hadi 6 kwa lita. Kumbukeni yale mabwawa 400, gramu tano au sita. Dume wa samaki wadogo, wale ambao ndio dagaa wa huko, wakaanza kutoa vitelojenini. Kisha korodani zao zikavurugika. Kisha wakaacha kuzaana. Watafiti wakitupa nyavu wanapata wachache, halafu wachache zaidi, mpaka dagaa wale wakawa karibu kutoweka ziwani. Na wale samaki wakubwa wanaowala wakakonda kwa njaa.

Walipoacha kutia homoni, ilichukua miaka, lakini dagaa walirudi. Naomba hili nalo mlibebe kwenda nalo nyumbani. Walirudi.

Nami sitawatisha kuliko ukweli wenyewe. Wale roach wa mito ya Uingereza, ingawa madume yao yana mayai, uchunguzi uliotoka 2014 ulionyesha kuwa kwenye mito mingi bado wanajizalia na kujitosheleza, hawategemei samaki wa kutoka nje. Dume aliyevurugika sana huzaa kidogo, aliyevurugika kidogo bado huzaa. Ziwa 260 lilikuwa na homoni nyingi kuliko mito mingi. Ukweli uko hapo, na mwanasayansi anayekueleza nusu yake tu amekudanganya.

Mama mmoja aliniuliza mlangoni nilipokuwa naingia: maji ya bomba tunywe au tusinywe? Mama yangu, kunywa. Maji ya kunywa hupitia usafishaji mwingine kabisa, na mkaa maalumu na ozoni vinavyotumika kwenye mitambo mingi ya huku huziondoa homoni hizi vizuri. Wanangu wanakunywa ya bomba. Anayeishi ndani ya maji taka yaliyosafishwa ni samaki. Hana pa kwenda.

Je, yanaweza kusafishwa zaidi kabla hayajafika mtoni? Yanaweza. Uswisi imeamua. Tangu 2016 sheria yao inawataka wenye mitambo ya maji taka ipatayo mia moja kuongeza ozoni au mkaa, na gharama zinasaidiwa na ada ya faranga 9 kwa kichwa kwa mwaka. Faranga tisa! Si bei ya chakula cha mchana kule. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2024, na imesema sehemu kubwa ya gharama, si chini ya asilimia 80, ilipwe na watengenezaji wa dawa na vipodozi. Nonilifenoli nayo ilibanwa Ulaya tangu 2005, na tangu 2021 ikabanwa hata kwenye nguo zinazoagizwa kutoka nje. Hapa Uingereza tulikoanzia, ambako samaki walisema kabla ya wote, bado tunajadili gharama. Linaniuma, nami nalisema hadharani.

Na nyumbani? Kijana wangu pale ameinua mkono tangu mwanzo, na najua anataka kuuliza kuhusu mto Msimbazi wa Dar es Salaam, na Ziwa Victoria, na mabwawa ya maji taka ya Dandora, Nairobi. Kijana wangu, majibu ya Msimbazi hayapatikani Thames. Kule nyumba nyingi hutumia mashimo na makaro, si mabomba makuu. Jua ni kali, maji ni ya joto, bakteria ni tofauti. Lakini mkojo wa binadamu ni ule ule, na kitasa ni kile kile. Mashine ya kupima uzito wa molekuli ni ghali mno. Hamira si ghali. Kisu cha Bibi yangu hakina gharama kabisa. Wanaopasua samaki kila alfajiri Kirumba, kule Mwanza, wanaona ndani ya samaki wengi kwa siku moja kuliko ninaowaona mimi kwa mwaka. Natamani sana siku moja mtafiti akae nao na daftari, awaulize: mmewahi kukuta mmoja msiyemwelewa?

Dawa zilizobaki msizimwage chooni. Pelekeni duka lolote la dawa hapa mjini, wanazipokea bila malipo na bila maswali.

Jumapili ya wiki ijayo saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye ukingo wa mto Kennet na chupa zangu. Mwenye watoto awalete, wavae viatu vya mvua. Nitawapa ile chupa ya shahidi waishike wao. Ila tafadhali, asubuhi hiyo wasipakwe losheni.